Kotama Nje, Bastola Ndani

Ndugu wanachama,

Leo naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo sisi wafanya kazi wa madukani twalijua sana, lakini twalinong'ona tu njiani jioni tukirudi Muyeye. Jambo lenyewe ni silaha zinazoingia dukani chini ya mashati ya wateja.

Nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe, katika duka moja hapa Malindi ambalo sitalitaja. Asubuhi moja alikuja mzee mgema, kotama yake kiunoni, kama wagema wote waendavyo. Bawabu akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Kotama niachie hapa, utaichukua ukitoka." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu," akaifungua, akaiweka, akaingia kununua sukari na sabuni. Hakunung'unika hata kidogo.

Saa sita mchana akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri. Mashine ya bawabu ikalia. Yule bwana akainua shati kidogo, bastola ikaonekana, akasema, "Nina leseni." Bawabu akataka kumzuia, lakini meneja akamwashiria ampishe. Bwana akapita.

Alipofika kwenye kaunta yangu tukatofautiana juu ya bei. Kwenye rafu imeandikwa shilingi 1,200, mashine yasema 1,600. Nikamwomba angoje nimwite meneja. Hakunitukana, wala hakunitishia. Aliweka mkono wake kiunoni tu, akanitazama. Nami, ndugu zangu, nina watoto. Nikampa kitu chake kwa shilingi 1,200. Jioni hesabu ilipofanywa, zile shilingi 400 zilizopungua zikaandikwa juu yangu.

Sasa nauliza: ni sheria gani hii, ambayo kotama ya mgema hubaki nje na bastola ya tajiri huingia ndani? Kotama ni chombo cha kazi. Bastola ina kazi gani mbele ya rafu ya unga?

Watu wengine hujibu upesi kwamba mwenye leseni ana haki. Tupambanue mambo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yasema mtu asishike bunduki bila cheti. Cheti ni ruhusa ya serikali ya kuwa na silaha. Hakimlazimishi mwenye duka kumkaribisha mtu pamoja na silaha yake. Duka ni mali ya mwenyewe, naye aweza kuweka masharti mlangoni, kama anavyowakataza wateja kuvuta sigara ndani. Kwa hiyo mwajiri akituambia, "Sina la kufanya," tusikubali. Analo la kufanya, ila anaogopa kumwudhi mteja mkubwa.

Wengine watasema, "Mmesahau Westgate?" Hatukusahau. Tarehe 21 Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo lile la maduka jijini Nairobi, na miongoni mwao walikuwamo wafanya kazi waliokuwa kazini kama sisi. Ni kweli pia kwamba raia wenye bastola za leseni waliingia wakawatoa watu wengi. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alikwenda kumtafuta ndugu yake aliyekuwa ndani, akawaokoa na wengine. Hao ni mashujaa, wala hatuwavunjii heshima.

Lakini tutazame vizuri. Abdul Haji hakuwa mteja aliyekuwa akichagua mboga huku bastola imejificha shatini. Alitoka nje, akaja kwa sababu ya hatari. Kibao cha mlangoni hakingemzuia siku ile, wala hatutaki kimzuie mtu wa namna hiyo siku kama ile. Sisi twazungumza juu ya siku nyingine zote za mwaka, siku za ugomvi wa bei, wa foleni, wa chenji na wa mtoto aliyevunja chupa. Tena tukumbuke kwamba katika Westgate hiyohiyo iliripotiwa kuwa kamanda wa kikosi maalum cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe, kwa kutotambuana. Ikiwa watu waliofunzwa miaka mingi hupotezana hivyo, itakuwaje wateja watano wakichomoa bastola kati ya rafu mbili, na kila mmoja adhani mwenzake ndiye adui?

Na wafanya kazi hufa au kuumia hata pasipo mgaidi. Januari 2020, katika klabu moja ya Nairobi, kijana mcheza santuri alipigwa risasi ya shingo akiwa kazini. Alilala hospitali miezi mingi. Klabu hiyo haikuvamiwa na jeshi lolote.

Huko Marekani nako jambo hili limewafika. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu mwenye bunduki aliwashambulia watu katika duka la Walmart mjini El Paso, na waliokufa walifika 23. Mwezi uliofuata kampuni hiyo iliwaomba wateja wasibebe bunduki waziwazi ndani ya maduka yake. Lakini wenye kibali cha kubeba silaha iliyofichwa waliachwa kama zamani. Mwaonaje, ndugu zangu? Bunduki inayoonekana yaweza kumpa mfanya kazi nafasi ya kujiepusha. Iliyofichwa haimpi nafasi hiyo. Tena ombi si amri. Tukidai jambo letu hapa, tudai amri.

Haya ndiyo ninayopendekeza chama chetu kiyapeleke mezani kwa waajiri.

Kwanza, kila duka liwe na sharti moja, limeandikwa kwa Kiswahili mlangoni: hakuna kuingia na silaha, isipokuwa polisi aliye kazini. Sharti liwe moja kwa mgema, mtalii na mheshimiwa.

Pili, bawabu asiambiwe apokee bastola na kuiweka. Yeye hana cheti cha silaha ile, na akiishika huenda yeye ndiye atakayeonekana mvunja sheria. Mwenye bastola aende akaiache kwake, au aseme haja yake, mhudumu amletee mlangoni.

Tatu, bawabu akimzuia mkubwa, meneja asimame upande wa bawabu. Mtu asiye na silaha tumemweka mlangoni awe ngao yetu. Tusimvunje nguvu sisi wenyewe.

Nne, asiwepo mwajiriwa yeyote, meneja pia, wa kuja kazini na bastola. Twajua maneno yanayotoka siku ya kuhesabu mali. Yafaa yabaki maneno.

Tano, akija mwizi mwenye silaha, mfanya kazi atoe fedha na asikatwe mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanya kazi aliyekabidhiwa fedha hizo. Kutishwa kwa bastola si uzembe, wala si udanganyifu.

Na tukiambiwa haya si mambo ya chama, tuwaonyeshe Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi yapasa pawe na kamati ya usalama. Kifungu cha 14 chatutaka tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na mwajiri asimrudishe mtu mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi tusinong'one njiani. Tuandike, tutie tarehe, tubaki na nakala.

Najua wako wenzetu wanaosema, "Ukipiga kelele utafukuzwa." Mtu mmoja akipiga kelele hufukuzwa upesi. Kaunta zote zikisema neno moja, na bawabu na mpanga rafu wakisema hilohilo, mwajiri atasikiliza.

Yule mzee wa kotama aliitii amri bila leseni wala cheo, akanunua sukari yake, akaenda zake kwa amani. Hatuombi zaidi ya hapo. Twataka mwenye bastola naye awe na adabu ya mgema.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa Duka, Muyeye