Maumivu ya kongosho: karatasi ya damu isisomwe peke yake

Katika vituo vingi vya afya, mtu akifika na maumivu ya tumbo na kutapika, anapimwa malaria na Widal. Widal ikiwa chanya, anaambiwa ni tifoidi, anauziwa dawa, anarudi nyumbani ao kambini.

Lakini Widal moja haithibitishi tifoidi. Hata aliyeugua zamani anaweza kuonekana chanya. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni yanaweza kutoka kwa kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kilichovimba ghafla. Mara nyingi chanzo ni mawe ya nyongo ao pombe kali kama lotoko.

Kipimo kinachofaa hapo ni lipasi, ao amilasi kama lipasi haipo. Ikipita mara 3 kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu ya namna hiyo, daktari anaweza kusema ni kongosho. Ila amilasi hushuka baada ya siku chache. Aliyecheleweshwa na vita ao kukosa pesa anaweza kukutwa nayo iko kawaida, na bado ni mgonjwa.

Hapo ndipo familia nyingi hupotea. Lipasi ya 3,000 haimaanishi hatari kuliko ya 600, na kuirudia kila asubuhi ni kumaliza pesa bure. Hatari huonekana urea, kreatinini na hematokriti zikipanda, na kwa mgonjwa mwenyewe: anapumua vipi, anakojoa kiasi gani. Chembe nyeupe nazo hupanda kwa sababu ya uvimbe tu, bila maambukizi, na antibiotiki haitibu uvimbe huo. Siku za kwanza, kinachosaidia ni seromu, dawa ya maumivu na kuangaliwa karibu.

Kwa familia iliyokimbia Masisi ao Rutshuru na kuacha shamba nyuma, bei ya kipimo kimoja ni chakula cha watoto. Kwa hiyo muganga anapaswa kueleza, kabla ya kutuma mtu maabara, anatafuta nini na jibu litabadilisha nini. Familia nayo iulize bila woga. Kuuliza si kumkosea muganga heshima. Na mwenye maumivu kama hayo apelekwe hospitali kuu mapema na karatasi zake zote, asibaki kwenye hema akingoja dawa ya tifoidi imponye.