Dinosaria si Udhuru Wetu

Kuna hoja moja ambayo siku hizi husemwa kwa majivuno. Kwa kuwa imevaa joho la elimu, wengi huiamkia na kuipisha njia bila kuiuliza itokako. Mimi niliisikia darasani mwangu. Tulikuwa tukizungumza juu ya wanyama wanaotoweka, na kijana mmoja, msomaji hodari, akainua mkono akasema: "Mwalimu, viumbe walikuwa wakitoweka kabla mtu hajakuwapo. Dinosaria walikufa wote, wala hapakuwa na shoka wala bunduki. Dunia ikaendelea. Basi mbona sisi twalaumiwa?" Wenzake wakampigia makofi, na kengele ikalia kabla sijamjibu vema. Jibu langu ni hili. Naliandika kwa sababu najua kijana yule hakuibuni hoja hiyo. Aliipokea kwa watu wazima, ambao wameifanya mto wa kulalia.

Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, na haki yataka kweli itajwe kwanza. Mwaka 1796 mtaalamu wa Kifaransa, Georges Cuvier, alilinganisha mifupa ya ndovu wa zama zetu na ya ndovu wa kale iliyofukuliwa ardhini, akaonyesha kuwa hao wa kale walikuwa aina nyingine, na kwamba aina hiyo imekwisha. Tangu hapo visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa katika majabali, vimefunua maangamizi makubwa matano: ya kwanza yapata miaka milioni 445 iliyopita, ya pili milioni 372, ya tatu milioni 252, ya nne milioni 201, na ya tano milioni 66. Katika kila moja ya hayo, hukadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya aina za viumbe zilifutika.

Lakini watu pia walikuwa wakifa kwa homa kabla ya muuaji wa kwanza kuzaliwa. Je, yuko hakimu atakayemwacha huru muuaji kwa sababu homa nayo huua? Kuwapo kwa kifo hakumtakasi mwenye kuua. Hapo peke yake hoja imekwisha kuvunjika mguu. Tuendelee, kwani yako mambo makubwa zaidi ambayo mwenye hoja hayatazami. Yeye huhesabu makaburi tu, wala haulizi wafu walikufaje.

Tuanze na hao dinosaria. Mwaka 1980 Luis Alvarez, mwanafizikia, na mwanawe Walter, mwanajiolojia, pamoja na wenzao wawili, walitangaza kwamba katika tabaka jembamba la udongo karibu na mji wa Gubbio, Italia, wameona madini ya iridiamu kwa wingi usio wa kawaida. Madini hayo ni haba katika ganda la dunia, lakini si haba katika vimondo. Baadaye kovu lenyewe likatambuliwa nchini Mexico, katika rasi ya Yucatan: shimo lililofukika, lenye upana wa kilomita zipatazo 180. Jiwe kutoka angani, lenye upana wa kilomita kama 10, lilianguka hapo. Halikuwaua wote kwa kuwagonga. Vumbi, masizi na moshi wa salfa viliziba jua. Mimea ikakosa nuru. Walao mimea wakafa njaa. Na walao nyama wakawafuata. Waliookoka, aghalabu, ni wadogo walioweza kujificha na kula kidogo. Hata dinosaria wenyewe hawakwisha wote, maana ndege tuwaonao leo ni uzao wao.

Maangamizi yaliyo makubwa kuliko yote ni yale ya tatu. Katika nchi iitwayo leo Siberia, ardhi ilipasuka, na lava ikaenea juu ya eneo linaloizidi Kenya mara kadhaa. Lava peke yake isingaliweza kuua viumbe wa bahari za mbali. Iliua hivi: uji ule wa moto, ulipokuwa ukipanda, ulipenya katika matabaka ya makaa ya mawe na ya chumvi, ukayachoma. Hewa ya ukaa ikajaa angani. Joto la bahari za tropiki likapanda kwa nyuzi kama 10, maji yakaingia uchachu, oksijeni ikapungua. Katika kila aina kumi za viumbe wa baharini, nane au tisa zilitoweka. Wachunguzi waliopima majabali ya Meishan, China, wanakadiria kwamba msiba huo ulichukua kama miaka 60,000, muda ambao katika historia ya mawe ni kufumba na kufumbua.

Sasa someni tena maneno haya: makaa ya mawe yakachomwa, hewa ya ukaa ikajaa angani. Je, hamjapata kuyasikia mahali pengine? Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu kama 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Kazi ya namna ile ile iliyofanywa na moto wa Siberia, binadamu anaifanya kwa mikono yake, tena kwa mwendo ambao wataalamu wauona kuwa wa kasi kuliko ule wa kale. Basi anayetuletea habari za maangamizi ya kale ili atutulize, ametuletea ushahidi unaomfunga yeye mwenyewe. Ni kweli kwamba sisi wa Afrika tumechoma kidogo kuliko wengi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutomwazima ulimi wetu yule aliyechoma sana, akautumia kujitetea.

Mwenye hoja, akiishiwa, husema: "Dunia ilipona." Ilipona, naam. Tuulize ilipona kwa muda gani. Baada ya maangamizi yale ya tatu, misitu ya kinamasi iliyokuwa ikigeuka makaa ya mawe ilitoweka, hata katika majabali ya miaka kama milioni 10 iliyofuata hapaonekani tabaka la makaa duniani. Vijana, chukueni kalamu. Binadamu wa namna yetu amekuwapo kwa miaka ipatayo 300,000. Gawanyeni milioni 10 kwa hesabu hiyo. Mtaona kwamba kuisubiri dunia ipone ni kusubiri zaidi ya mara 30 ya umri wote wa jamii ya watu. Mtu aliyevunja chungu cha mamaye hawezi kujitetea kwamba udongo utafinyangwa tena.

Wengine husema kwamba dinosaria wasingalikufa, sisi tusingalipata nafasi ya kuwapo. Kwa hiyo maangamizi ni neema. Hiyo ni sala ya shukrani ya mtu aliyepata kiwanja kwa sababu nyumba ya jirani iliungua. Na iwe hivyo. Lakini safari hii nyumba ni yetu. Wakubwa, wenye kuhitaji chakula kingi, ndio waliopotea siku jiwe lilipoanguka. Leo ni nani mkubwa, na ni nani anayehitaji chakula kingi kuliko sisi?

Nitaambiwa natia chumvi. Basi nakiri: aina za wanyama ambazo imethibitishwa kwamba zimekwisha tangu mwaka 1500 hazifiki hata elfu moja na nusu. Hatujafika palipofikiwa na maangamizi yale matano. Lakini jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe lilikadiria, mwaka 2019, kwamba aina zipatazo milioni 1 zimo hatarini. Anayekiona kisima kinatikisika ukingoni mwa mwanawe hangoji mtoto atumbukie ndipo apige kelele.

Nasi tumekwisha kuonja. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, samaki mkubwa, mbuta, alitiwa katika Ziwa Viktoria na watu waliotaka kuongeza uvuvi. Alileta fedha na viwanda, sikatai. Lakini humo walikuwamo samaki wadogo waitwao fulu, aina mamia, wengi wao wasiopatikana mahali pengine duniani. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea, kwa kuliwa na mbuta na kwa kuchafuka kwa maji. Na tarehe 19 Machi 2018, huko Ol Pejeta, Laikipia, alikufa Sudan, dume la mwisho la kifaru mweupe wa kaskazini. Walibaki majike wawili, bintiye na mjukuu wake. Hakuna kimondo kilichoanguka Laikipia. Jamii ya Sudan ilimalizwa na bunduki za watu waliotafuta pembe.

Mwanafunzi wangu aliuliza, mbona sisi twalaumiwa? Kwa sababu jiwe lililoanguka Yucatan halikuwa na macho ya kuona liendako. Volkano za Siberia hazikuwa na masikio ya kuonywa. Katika sababu zote zilizopata kuangamiza viumbe tangu mwanzo, mtu ni ya kwanza iwezayo kusoma habari za zilizotangulia na kujizuia. Lawama hufuata akili. Tukitaka tusilaumiwe kama jiwe lisivyolaumiwa, basi kwanza tukubali kuitwa mawe.

Mimi sikubali, wala sidhani kwamba kijana yule atakubali. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mara tano dunia imenyolewa, na majabali yametuhifadhia habari zake. Habari hizo ni onyo. Atakayezigeuza kuwa ruhusa, mwulizeni anauza nini.