KABATI LA NDANI YA BOKSI

Ndugu wafanyakazi,

Madukani mjini Nairobi tunauziwa kabati la jikoni vipande vipande, limefungwa ndani ya boksi. Tunaambiwa ni rahisi. Rahisi kwa nani? Tunalibeba kwa matatu mpaka Kawangware, tunapiga magoti usiku na bisibisi mkononi, na skrubu mbili hazimo. Kazi ya fundi tumeifanya sisi, bila mshahara, na faida ni ya tajiri!

Tena si mbao. Ni maranda yaliyoshikanishwa kwa gundi. Maji yakiingia pembeni, ubao huvimba na bawaba hung'oka.

Ni kweli, katazo la kukata miti katika misitu ya serikali, tangu Februari 2018 hata Julai 2023, liliwaumiza mafundi wa Barabara ya Ngong kwa bei ya mbao. Lakini fundi yule huja kupima ukuta, hulifunga kabati mwenyewe, na likilegea tunajua alipo.

Basi kabla ya kununua boksi, hesabuni nauli, usiku wenu na skrubu zilizokosekana. Kisha nendeni Barabara ya Ngong mkaulize bei. Shilingi ya mfanyakazi imlishe mfanyakazi.

Umoja ni nguvu.