Kilio cha Kuazima

Ukitaka kujua kama sinema inakuheshimu au inakuchezea, ndugu msomaji, usitazame machozi ya wahusika. Machozi hupatikana hata kwa kitunguu. Sikiliza wanazungumza lugha gani wanapokuwa peke yao: mume anapomnong'oneza mkewe usiku, mama anapombembeleza mtoto mgonjwa, mzee anaposimulia mateso ya ujana wake. Mimi ni mpenzi wa sinema za maisha, zile zisizotegemea ngumi na risasi, na miezi hii nimeangalia kadhaa zinazohusu watu wa huku kwetu Afrika Mashariki. Baadhi zimenikasirisha, na nataka kusema kwa nini.

Nianze na The First Grader, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick mwaka 2010. Kisa chake ni cha kweli. Mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, aliandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, muda mfupi baada ya serikali ya Kenya kufuta karo za shule za msingi. Oliver Litondo anamwigiza vizuri sana. Uso wake peke yake unatosha kukunyamazisha. Lakini hebu fikiri. Mzee huyu anakwenda shule kwa sababu hakupata kusoma. Ana barua asiyoweza kuisoma mwenyewe. Hata hivyo, anazungumza na mwalimu wake kwa Kiingereza, tena kilichonyooka. Kakipata wapi? Kwa wale waliomtia kizuizini na kumtesa? Mtu anayeingia darasa la kwanza na Kiingereza cha namna ile ameshamaliza nusu ya safari kabla hajakalia dawati.

Kilichopotea hapo si kitu kidogo. Mtu aliyepigana na Mwingereza, uzeeni anakaa na watoto wadogo katika shule ambayo Kiingereza ndicho ngazi ya kupandia. Huo ndio mkasa wenyewe. Kila kigugumizi chake kingekuwa na historia ya nchi nzima nyuma yake. Watengenezaji walikuwa nao mkononi wakautupa, ili mtazamaji wa London asipate taabu ya kusoma maandishi chini ya picha.

Hotel Rwanda, ya Terry George, ya mwaka 2004, ina kosa hilohilo, na kwake ni zito zaidi. Sikatai kwamba sinema hiyo iliwafanya watu wengi wa mbali wajue yaliyotokea mwaka 1994, na Don Cheadle aliibeba kwa nguvu zake zote. Lakini mauaji yale yalitayarishwa kwa maneno kabla ya mapanga. Redio ya RTLM ilizungumza na wananchi kwa lugha ya nyumbani kwao. Neno inyenzi, yaani mende, lilirudiwa mpaka jirani akamwona jirani yake kuwa mdudu wa kukanyagwa. Muuaji na anayeuawa walikuwa na lugha moja, methali moja na nyimbo moja za utotoni. Hilo ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika kisa cha Rwanda. Ukiwapa wote Kiingereza, umeificha silaha ya kwanza ya wauaji, na mtazamaji anatoka akidhani ameona vurugu za watu wa mbali wenye hasira.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba sinema ni biashara, kwamba bila Kiingereza haiuziki. Jibu langu ni Munyurangabo. Mwaka 2007 Lee Isaac Chung, Mmarekani mwenye asili ya Korea, alipeleka Cannes sinema aliyoipiga Rwanda na vijana wa Rwanda, wakizungumza Kinyarwanda. Ni kisa cha vijana wawili marafiki walio safarini, mmoja akiwa na nia ya kulipiza kisasi cha baba yake. Lugha ile haikuwa ya Chung, naye aliwaachia wenyewe waseme. Miaka 13 baadaye alitengeneza Minari, juu ya familia ya wahamiaji huko Arkansas, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kikorea. Mwaka 2021 Youn Yuh-jung, aliyeigiza bibi wa familia hiyo, akapata Oscar. Mwaka mmoja kabla yake, Parasite, ya Kikorea pia, ilikuwa imechukua Oscar ya sinema bora kuliko zote. Wakorea waliliaminisha soko kwamba inawezekana. Sisi tunaambiwa tusubiri.

Nitaambiwa pia kwamba nyota wa sinema hawazijui lugha zetu. Nyota haohao hujifunza kupanda farasi, hujikondesha, hunyoa vichwa na kujifunza kupiga piano kwa ajili ya sinema moja. Ikiwa Kinyarwanda kinawashinda, basi na wapewe nafasi waigizaji wanaokijua.

Sisemi kwamba Kiswahili kinatosha kuifanya sinema iwe nzuri. Tunazo mbovu nyingi za Kiswahili, na nimezilipia. Lakini angalia yanayowezekana lugha inapowekwa mahali pake. Katika Nairobi Half Life, ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, kijana Mwas anatoka kijijini kwenda mjini kutafuta uigizaji. Kikikuyu ni cha nyumbani, Sheng ni ya genge, Kiingereza ni cha wenye nafasi. Humhitaji mtu akueleze nani ana nguvu na nani hana. Masikio yako yanakuambia. Katika Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, mtoto Jo ni mgonjwa wa kufa na kijiji kizima kinashirikiana kumfanya shujaa wa sinema. Inaliza, tena sana, lakini kilio chake kina mwenyewe. Na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa Toronto mwaka 2021, inawaacha Yasmin na Denge wapendane kwa Kiswahili katika Unguja ya miaka ya 1950. Mwendo wake ni wa taratibu. Wengine watauita uvivu. Mimi nimeuona kuwa ni subira ya mtu asiye na haja ya kujieleza kwa wageni.

Wala lawama zote si za wageni. Ni sisi tulioziita sinema zetu wenyewe za Kiswahili kwa majina kama Oprah na Devil Kingdom, kana kwamba jina la Kiswahili lingeziaibisha. Na hayo yalitokea katika nchi ambayo watu walijaa vibanda vya video kumsikiliza Lufufu akiwasimulia picha za ng'ambo kwa Kiswahili. Wananchi walishatoa hukumu yao kwa fedha zao za mfukoni. Watayarishaji hawakusikia.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee, na kilio cha kuazima hakimfariji mfiwa. Kwa hiyo sina ombi kubwa kwa wanaokuja na kamera zao, wawe wageni au wenyeji. Waweke maandishi chini ya picha kwa lugha yoyote waipendayo. Tutasoma, na watu wa London nao watasoma. Lakini mama wa Kigali waache alie Kinyarwanda.