Johannesburg na bakteria sugu: kiwanda hufungwa, wodi ya watoto wachanga haifungiki

Januari 2018, watoto wadogo 9 kutoka chekechea moja ya Soweto walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Johannesburg, wakiwa na homa na kuharisha. Afrika Kusini ilikuwa na miezi kadhaa inasumbuliwa na maradhi ya listeria, yaliyokuwa yakiua zaidi watoto wachanga, na hapana aliyejua yanatokana na chakula gani. Daktari akashuku walichokula watoto wale. Maofisa wa afya wakaenda chekechea na kuchukua soseji za poloni zilizokuwemo kwenye friji.

Kazi iliyofuata ilifanyika katika Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, iliyopo hapo hapo Johannesburg. Wataalamu walisoma jenomu ya bakteria, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, herufi kama milioni 3. Bakteria anapozaana, herufi chache hubadilika. Sampuli mbili zikilingana karibu herufi kwa herufi, basi zina asili moja. Zaidi ya sampuli 9 katika kila 10 za wagonjwa zilikuwa za ukoo mmoja unaoitwa ST6, na ukoo huohuo ukakutwa katika kiwanda cha Enterprise mjini Polokwane. Tarehe 4 Machi, Waziri wa Afya Aaron Motsoaledi alilitangazia taifa. Kiwanda kikafungwa, poloni zikaondolewa madukani, na wagonjwa wapya wakapungua. Watu zaidi ya 200 walikuwa wameshafariki au wangefariki kabla ya mlipuko kwisha.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa sayansi, na ni haki yake. Lakini listeria hutibika kwa antibayotiki za kawaida. Adui mgumu zaidi anaishi ndani ya hospitali zenyewe.

Novemba na Disemba 2019, watoto wachanga 10 walifariki katika Hospitali ya Tembisa, kaskazini mashariki ya Johannesburg, baada ya kuambukizwa Klebsiella iliyo sugu kwa karbapenemu, dawa ambazo madaktari huzihifadhi kwa wakati ambapo nyengine zimeshindwa. Katika mlipuko wa namna hii jenomu husema mengi: kama watoto wa vitanda viwili wana bakteria mmoja, na kama bakteria huyo anapita kutoka kitanda hadi kitanda ndani ya wodi. Lakini hapo tena unafunga nini? Wodi ilikuwa imejaa kupita kiasi na wauguzi hawatoshi. Kina mama hawaachi kujifungua kwa sababu hospitali imejaa.

Msomaji aliyeko Muscat au Dubai asidhani haya ni ya mbali. Jeni ya usugu iitwayo NDM-1 iligunduliwa kwa mgonjwa wa Sweden aliyetibiwa India, na ikapewa jina la New Delhi, jambo lililowaudhi Wahindi. Mwaka 2011 iliripotiwa Johannesburg, na mwaka huohuo ikaripotiwa Oman. Sisi ni watu wa safari: wazee wetu hupelekwa India kutibiwa, jamaa huruka kati ya Zanzibar, Mombasa na Ghuba. Bakteria hawa hukaa tumboni mwa mtu mzima wa afya bila dalili yoyote. Kwa hiyo mgonjwa anapolazwa, ni vyema amwambie daktari alilazwa wapi mwaka uliopita. Asione haya, na hospitali isimnyanyapae.

Afrika Kusini yenyewe iliuonja unyanyapaa huo Novemba 2021. Wanasayansi wake waliitangazia dunia kirusi cha Omicron, na nchi nyingi, za Ghuba zikiwemo, zikajibu kwa kusimamisha safari. Anayesema kweli akiadhibiwa, safari ya pili atanyamaza.

Kilifi nchini Kenya, watafiti nao wamekuwa wakisoma jenomu za Klebsiella, na maabara za aina hiyo zinazidi kuongezeka Afrika. Ni habari njema. Hata hivyo, tunapochangishana kwa ajili ya hospitali za nyumbani, mara nyingi tunapenda kutoa mashine itakayobandikwa jina. Kilichokosekana Tembisa ni nafasi baina ya vitanda na wauguzi wa kutosha, wenye wasaa wa kunawa mikono kila wanapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwengine. Maabara itatuonyesha bakteria amepita wapi. Kumzuia asipite kunataka maji ya bomba, sabuni na mishahara.