Tusikimbilie kusema virusi



Mnakumbuka ile fujo ya chumba cha mashine mwezi uliopita. Kila mtu amesema lake, darasani na hata kwenye njia ya kuteka maji. Leo na mimi naomba nafasi katika gazeti letu, maana nina neno la kusema na kosa la kuungama.

Mambo yalikuwa hivi. Dada yetu mmoja mfinalisti alikuwa ameandika kurasa tisa juu ya biashara ya ndagala kati ya Ubwari na Baraka. Ilikuwa kazi ya wiki tatu, kwa sababu mashine ni chache na umeme wa jua hautoshi. Asubuhi moja akabonyeza faili yake mara mbili kama kawaida. Badala ya kurasa zake akaona orodha ya vitu asivyovijua: content.xml, styles.xml, META-INF. Akalia: "Virusi imekula kazi yangu yote!" Kwa hofu akaitupa ile faili, akamwaga na pipa la takataka la mashine, ili ugonjwa usienee. Watu wakaanza kuulizana: "Ni nani aliguza hapa?" Wakakumbuka kwamba jana yake kijana mmoja wa darasa la chini alikuja na flashi. Basi, shauri likaisha hapo. Kijana alikata majani siku tatu, akakatazwa kuingia chumba cha mashine.

Kumbe hakukuwa na virusi. Aliyeleta shida ni mimi.

Siku mbili mbele ya hapo nilitaka kutoa picha ndani ya maandishi fulani. Nilikuwa nimejifunza kwamba faili ya LibreOffice, ile inayoisha na .odt, kwa kweli ni kifurushi kilichofungwa: maneno yako ndani ya content.xml, na picha ziko katika folda yao. Nikaifungua kwa programu ya vifurushi, na bila kufikiri nikakubali programu hiyo itumike daima kwa faili za aina ile. Tangu hapo kila .odt ilifunguka kama kifurushi. Hakuna hata herufi moja iliyopotea. Mlango tu ndio ulibadilika, nyumba ilikuwa ileile.

Nieleze kidogo. Linux inatambua aina ya faili kwanza kwa mkia wa jina lake, na mara nyingine kwa alama zilizo mwanzoni ndani yake. Kila aina ina programu yake ya desturi, yaani ile inayoitwa ukibonyeza mara mbili. Ukiibadilisha, chaguo lako linaandikwa katika faili ndogo, mimeapps.list, ndani ya folda iliyofichwa ya mtumiaji, .config. Ni ya mtumiaji, siyo ya mashine nzima. Lakini sisi wote tunaingia kwa jina moja tu. Kwa hiyo nilichojichagulia mimi, niliwachagulia wote wanaokaa mbele ya mashine ile.

Kurudisha si kazi kubwa. Bonyeza faili kwa kitufe cha kuume cha kipanya, chagua "Ouvrir avec", onyesha LibreOffice Writer, kisha kubali itumike daima. Dakika moja haiishi. Mwalimu alifanya hivyo kwa faili ya mfinalisti mwingine, kazi ikaonekana yote. Lakini ya dada yetu ilikuwa imeshatupwa.

Sasa wengine wanasema wanafunzi wakatazwe kubadilisha kitu chochote. Mimi sikubali. Desturi ya mashine haikushuka kutoka mbinguni, kuna mtu aliyeichagua kabla yetu. Ubuntu tunayoitumia ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikatoka mwaka 2004. Mwaka huohuo, ng'ambo ya ziwa huko Tanzania, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maneno ya Kiswahili. Je, kama wangeambiwa "msiguse", wangefanyaje? Mwanafunzi asiyegusa atabaki kuogopa, na ni woga huo uliofuta kurasa tisa.

Lakini kubadilisha kitu cha wote bila kusema, hilo ni kosa. Mvuvi anayehamisha taa katika mtumbwi wa watu wengi huwaambia wenzake kabla giza halijaingia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila darasa lipewe jina lake la kuingilia, ili chaguo la mmoja lisiwapige wote. Pili, tuweke daftari karibu na kila mashine. Anayebadilisha desturi aandike tarehe, alichobadilisha na jina lake. Tatu, mtu asipewe azabu kwa ajili ya virusi mpaka faili ijaribiwe kwa "Ouvrir avec" mbele ya macho yake. Sisi tunasali pamoja kila asubuhi. Ni haya kumhukumu mwenzetu kwa sababu tu alionekana na flashi. Haraka haraka haina baraka, hata sisi tulio jirani na Baraka.

Yule kijana nimemwomba msamaha mbele ya darasa lake. Dada yetu ananisomea kutoka katika daftari lake, mimi naandika upya. Tumefika ukurasa wa nne. Lakini jina la kijana bado liko kwenye ubao wa nidhamu mpaka leo. Naomba wakubwa wetu walifute, na pale pale waandike langu.

Mwanafunzi wa humanite ya tatu