Kuku Awaachapo Vifaranga: Funzo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika kazi ya kufundisha yako maswali mawili yasiyofaa kutenganishwa. La kwanza ni jinsi ya kumsaidia mtoto asiyejua. La pili ni lini msaada huo ukome. Vyuo hulijibu lile la kwanza kwa kirefu, na wanachuo hutoka wakiwa na zana na mbinu za kutosha. Lile la pili mara nyingi huachwa lijijibu lenyewe. Kwa maoni yetu upungufu huu una madhara, nasi twapenda kuueleza kwa kumtazama kuku wa kienyeji, ambaye wengi wetu tumekua naye uani.

Kuku huatamia mayai yake kwa muda wa siku 21. Kifaranga akisha kuanguliwa na kukauka huweza kutembea na kudonoa, lakini kwa kuwa amevikwa manyoya laini tu, mwili wake hauwezi bado kujihifadhia joto. Kwa hiyo mama humfunika kwa mbawa, humkinga na mwewe, na apatapo chakula humwita kwa mlio wake maalumu huku akikidonoa na kukiangusha mbele yake. Mwaka 1996 watafiti Christine Nicol na Stuart Pope walieleza jambo la kustaajabisha: kuku waliokwisha kujua kwamba chakula cha rangi fulani ni kibaya, walipowaona vifaranga wao wakila chakula cha rangi hiyo, walizidi kupekua na kudonoa ili kuwavuta kwenye chakula kizuri. Basi kuku hulea, na pia husahihisha.

Hata hivyo malezi haya yana mwisho. Kadiri manyoya kamili yanavyoota, mama hupunguza kuwafunika watoto, kwanza mchana, kisha usiku. Baada ya wiki sita hadi nane hivi, na pengine zaidi, homoni ya prolaktini iliyomfanya aatamie na kulea huwa imepungua, upanga wake wa kichwani hurudia wekundu, naye hujiandaa kutaga tena. Jioni hupanda kulala juu ya fito na kuwaacha watoto chini. Wale aliokuwa akiwaita sasa huwadonoa wakimkaribia.

Mwanafunzi wa Darasa la Tatu akiyaona hayo atasema kwamba mama amekuwa mkatili. Mwalimu asimkemee, wala asimwandikie jibu ubaoni. Amwulize: Je, vifaranga bado hutetemeka asubuhi? Hupekua wenyewe? Hukimbia wamwonapo mwewe? Wanafunzi wakitazama na kuandika kila wiki, watatambua wenyewe kwamba mama hakuondoka siku moja, na kwamba alipoondoka watoto walikwisha kuota manyoya.

Sasa tugeukie darasa. Kumshika mtoto mkono aandikapo herufi, kumchorea nukta azifuatishe, kumpa visoda vya kuhesabia, kumsomesha sentensi pamoja na wenzake kwa sauti moja: hizo zote ni mbawa za mwalimu, na Darasa la Kwanza haliwezi kuishi bila hizo. Lakini twaenda madarasa ya juu na kukuta mbawa zile zile zingali zimefunika. Mwanafunzi hunakili mfano wa ubaoni mwaka baada ya mwaka. Daftari lake ni safi, limejaa alama za vema. Siku apewapo karatasi tupu na kuambiwa amwandikie shangazi yake barua, hushindwa hata kuanza. Mtoto huyo hakukosa mwalimu. Alikosa mwalimu wa kumwachia kazi.

Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mwalimu na jukwaa ambalo mwashi husimama juu yake. Ukuta ukikamilika, jukwaa huondolewa. Nani atajua kwamba ukuta umekamilika? Dalili zipo. Mtoto hutoa jibu kabla mkono haujafikia visoda. Husoma peke yake sentensi ambayo darasa halijaiimba. Hukosea, husita, kisha hujisahihisha. Aonapo hayo, mwalimu na aondoe msaada mmoja, si yote.

Hapa hatuna budi kutoa tahadhari mbili. Kwanza, wako wafugaji wanaowatenga vifaranga mapema ili mama arudi kutaga upesi. Si vibaya, lakini mfugaji huyo analazimika kuwapa joto kwa taa au jiko, la sivyo watakufa. Vivyo hivyo mwalimu anayekimbizana na muhtasari wa masomo, akayaacha mafungu ya kuhesabia kabla ya wakati, yampasa aseme ni joto gani jingine amewapa watoto.

Pili, kuku si kielelezo kamili. Yeye huwaacha watoto wote kwa pamoja, kwa sababu mwili wake umekwisha kuelekea mayai mengine. Hamngojei yule aliyechelewa kuota manyoya. Mwalimu hana ruhusa hiyo. Katika darasa la watoto 70 wako wa kuachiwa leo na wako wa kufunikwa hadi mwisho wa muhula, na kuwajua kwa majina ndiyo kazi yenyewe. Wala asiwepo wa kudai kwamba teke la kuku halimwumizi mwanawe, akapata kisingizio cha fimbo. Kumwachia mtoto kazi si kumfukuza.

Twapendekeza jambo moja dogo. Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha, aongeze mstari mmoja katika kila andalio la somo: msaada gani utaondolewa leo, na kwa wanafunzi wepi. Mstari huo utamlazimisha kuwatazama watoto kabla ya kutazama saa. Nasi wakufunzi tujapo kumkagua, tusihesabu zana zilizotundikwa ukutani tu. Tuulize pia ni zana ipi imeshushwa, na watoto wangapi sasa wanafanya bila hiyo.